Hata Tofali Moja

Nyumba ya wazazi wangu iko Mbagala, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa, mahali ambapo asubuhi huanza kwa mifagio na redio za majirani. Ni nyumba ya vyumba sita, ya mtindo uleule wa nyumba nyingi za huku: kibaraza mbele, mlango katikati, korido iliyonyooka mpaka uani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Vinne vina wapangaji. Viwili vya mbele, vinavyotazamana, tulikuwa tunakaa sisi. Choo, bafu na kamba za kuanikia nguo ni vya wote, na kwa sababu hiyo hakuna siri inayodumu humo zaidi ya siku mbili.

Baba alipompa mama talaka hapakuwa na kelele. Kwa miaka minne alikuwa na mke mwingine Ukonga, mama akijua, na katika miaka hiyo yote wawili hao walipishana koridoni kwa adabu, kama wapangaji wasiodaiana. Siku moja baba alikuja na karatasi kutoka kwa shekhe, akaiweka juu ya kabati, akanywa chai, akauliza kama maji ya bomba yametoka, akaondoka. Mama alikaa eda chumbani kwake mlango ukiwa wazi, akisalimiana na kila apitaye. Eda ilipoisha, kilichobaki kati yao kilikuwa mali na madeni.

Mama hakutaka vyombo. Hakutaka televisheni, wala bajaji ambayo baba aliinunua kwa mkopo na sasa ilikuwa imeegeshwa Ukonga ikisubiri injini. Alitaka kitu kimoja tu, kubaki kwenye nyumba ile.

"Mie nataka nitolewe humu nimebebwa," alisema akicheka, huku akimenya vitunguu. "Si kwa miguu yangu."

Tulijua kitakachotokea nyumba ikiuzwa na yeye akapewa kifungu kidogo. Kisingenunua hata kibanda. Angerudi Kilwa kwa mjomba, mtu mwema kabisa, mwenye mke anayehesabu vijiko mgeni akiondoka. Mama alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakulia juu ya jambo hilo, ila kila alipoitaja Kilwa alikuwa anapunguza sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Aliyetaka nyumba iuzwe hakuwa baba hasa. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba. Yeye ndiye aliyemdhamini baba kwenye mkopo wa bajaji, na wakopeshaji walikuwa wameshaanza kumpigia simu kazini. Nyumba ikiuzwa, deni linalipwa na yeye analala. Nilimwelewa. Hata leo namwelewa. Baba, kwa tabia yake, alikuwa anamwitikia kila mtu. Ukimwambia tuuze anasema sawa, ukimwambia tusiuze anasema sawa, kisha anauliza kama chai ipo.

Ndipo mama akaenda mahakama ya mwanzo kuomba mgawanyo.

Karani alimweleza mapema kwamba hakimu atauliza mchango. Nani alitoa nini nyumba ikijengwa. Mama alirudi nyumbani akakaa kibarazani, akavua viatu, akanitazama mimi niliyekuwa nimekuja kutoka kwangu Goba kumsikiliza.

"Wanataka risiti," alisema.

"Unazo?"

"Risiti za nini? Baba yako ndiye aliyekuwa ananunua. Mie nilikuwa namwagilia."

Nilikuwa na miaka minane wakati ule wa kujenga, na kumbukumbu yangu ya nyumba ile inaanza kabla haijawa nyumba. Baba alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Akipata safari ya Songea au Tunduma anapotea wiki mbili, tatu, akirudi ananunua saruji na mchanga, fundi anakuja na kibao chake kufyatua tofali, kisha baba anapanda tena gari. Tofali zilibaki zimepangwa kiwanjani, za kijivu, zenye unyevunyevu, kama mikate inayosubiri kuokwa. Kumbe hazitakiwi kuokwa. Tofali ya saruji ikipigwa na jua kabla haijakomaa inapasuka ukiigusa. Inataka maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na wiki inayofuata fundi amefyatua nyingine, na siku saba zinaanza upya.

Maji hayakuwepo mtaani kwetu. Mama alikuwa anateremka bondeni, kwenye kisima cha msikitini, mdogo wangu mgongoni na ndoo kichwani, anapanda kilima, anamimina, anashuka tena. Mimi nilikuwa na kata. Kazi yangu ilikuwa kunyunyiza pale ambapo ndoo haikufika, kwenye kona na kwenye zile za chini. Nakumbuka sauti ya tofali zikinywa. Ni sauti ndogo mno, kama mtu anayevuta pumzi usingizini, na mama alikuwa ananiambia ninyamaze niisikilize, kwa sababu zikiacha kutoa ile sauti maana yake zimeshiba.

Tulimwagilia mwaka mzima na nusu mwingine. Hayo yote hayana risiti.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo kesi ile ingekuwa rahisi.

Miaka mitano kabla ya talaka niliolewa, na kabla ya ndoa kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Ukumbi, viti vyenye vitambaa vya rangi ya zambarau, mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa, mpiga picha za video anayepita na taa yake usoni kwa watu. Kwenye sendofu mama wa binti husimama na kusema neno mbele ya wakwe. Mama yangu ni mtu wa maneno jikoni, lakini mbele ya kipaza sauti anakauka. Siku nne kabla, alinijia na daftari.

"Wewe si ndiyo unaandika andika," alisema. "Niandikie cha kusema. Kiwe kifupi na kiwe kitamu."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeanza kuandika hadithi na niliamini kwamba sentensi nzuri haiwezi kumdhuru mtu. Nikaandika ukurasa mmoja. Katikati ya ukurasa niliweka maneno haya, na nakiri niliyapenda sana: "Nyumba mnayoisikia ikisifiwa, ameijenga baba yao kwa jasho lake. Mimi sikuweka hata tofali moja. Nilichoweka ni dua."

Mama alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika hapo kidole kikasimama.

"Mbona hapa umenifuta?"

"Sijakufuta, mama. Ni heshima. Wakwe wakisikia unavyomtukuza baba watajua na mimi nimefundwa."

"Na yale maji?"

"Yale maji tunayajua."

"Tunayajua kina nani?"

"Sie."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akakunja karatasi, akaenda kujifunza kwa moyo kama mtoto wa shule anayejiandaa na shairi. Siku ya sendofu aliyasema yote bila kukosea. Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele. Shangazi zangu walimfuta jasho kwa noti. Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akapiga makofi, macho yakimng'aa. Nilikuwa nimekaa mbele nikiwa nimepambwa, na nilijisikia fahari mara mbili, kwa mama na kwa sentensi yangu.

Video ile ilikaa kwenye flashi, ndani ya boksi la pete. Wiki chache baada ya mama kufungua shauri, baba mdogo alinipigia. Alinisalimia vizuri, akaulizia wanangu, akauliza habari za Goba na milima yetu isiyokuwa na lami. Kisha akasema bibi, mama yao yeye na baba, anaumwa umwa, anatamani kuiona sendofu ya mjukuu wake kwa sababu siku ile hakuweza kusafiri. Nikamtumia ile video jioni hiyohiyo. Nilichagua hata kipande, nikamwandikia: muoneshe bibi pale mama anapoongea, ni pazuri.

Bibi aliiona kweli. Baadaye alinipigia akilia kwa furaha. Lakini hakuwa yeye peke yake aliyeoneshwa.

Mahakama yenyewe ni chumba cha kawaida, chenye madirisha makubwa, feni isiyozunguka, na mabenchi ambayo watu wameyasugua kwa kukaa mpaka yamekuwa laini. Hakimu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mafua, anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Kushoto na kulia kwake walikaa wazee wa baraza wawili, wanaomshauri: bwana mmoja mkimya mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, na bibi mmoja wa baibui jeusi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi.

Hakimu alimuuliza mama mchango wake. Mama akaeleza maji. Alieleza kwa ufupi mno, nikatamani kumsogeza kwa mkono aendelee.

"Una kumbukumbu yoyote ya maandishi?" hakimu akauliza. "Risiti, hati, chochote?"

"Risiti ya maji ya kisima, mheshimiwa?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu naye akatabasamu, akapenga kamasi.

"Ya chochote, mama."

"Sina."

Baba alipoulizwa alisema alinunua saruji, mchanga, mbao na mabati ya mwanzo, na akatoa bahasha ya kaki iliyojaa karatasi zilizofifia. Aliulizwa kama mkewe alichangia. Akasema, "Alikuwepo." Hakimu akaandika, na nilisikia kalamu ikikwaruza.

Kisha baba mdogo akasimama kama shahidi wa baba.

"Mheshimiwa, sie hatuna haja ya kubishana na shemeji yangu, ni mtu tunayemheshimu. Yeye mwenyewe ameshalimaliza hili mbele ya watu zaidi ya mia." Akatoa simu.

Hakimu alisita, akasema atautazama tu huo ushahidi. Simu ikawekwa mezani, wazee wa baraza wakainama, na sisi tuliokuwa nyuma tukasikia kwanza vigelegele vyembamba, kisha sauti ya mama yangu ya miaka mitano iliyopita ikisema, mimi sikuweka hata tofali moja.

Niliyasikia maneno yangu yakitoka kwenye simu ya mtu mwingine, matamu kama nilivyoyaandika, na kwa mara ya kwanza niliyasikia kama hakimu atakavyoyasikia. Nilimgeukia mama nikitegemea kumkuta amevunjika. Alikuwa amenyoosha shingo kuitazama simu.

"Siku ile nilipendeza," akaninong'oneza.

Baba mdogo alikaa. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alifuta kioo cha simu kwa shati, akaitia mfukoni, akatazama sakafu.

Nilikuwa nimeandikishwa shahidi wa mama. Nilipoitwa nilieleza kisima, ndoo, kata, sauti ya tofali. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri.

"Ulikuwepo kwenye hiyo sherehe?"

"Ndiyo. Ilikuwa yangu."

"Ulimsikia mama yako?"

"Nilimsikia. Maneno niliyaandika mimi."

Kalamu ikasimama. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba hakuweka hata tofali moja?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ukijua kwamba unayoniambia sasa ndiyo yaliyotokea?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini uliandika jambo lisilo kweli?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga njiani kutoka Goba, yote ya busara.

"Nilidhani ni zuri," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Hakimu aliandika jibu langu, nadhani neno kwa neno, akanambia nikakae. Nilikaa kando ya mama. Hakunigusa wala hakusogea. Kutoka pale nilipokaa niliiona bahasha ya kaki ya baba juu ya meza, imenona, na upande wa mama wa meza ile ukiwa mtupu. Nilijua hesabu ya kumrudisha mama Kilwa nimeiandika mimi kwa mkono wangu.

Yule bibi wa baibui akaomba kuuliza. Alimgeukia baba, akaisukuma miwani juu ya pua.

"Mzee mwenzangu, shikamoo tusipeane, tunalingana. Nikuulize kitu kidogo tu. Siku ile mkeo aliposema hakuweka hata tofali moja, ulishtuka?"

"Hapana."

"Kwa nini hukushtuka?"

"Ndivyo wanavyosemaga kwenye sherehe. Wanawake wote."

"Na mimi nilisema kwenye ya kwangu. Nilisema sijui hata bei ya msumari, na mume wangu alikuwa hajui bei ya msumari, mimi ndiye niliyekuwa natumwa." Watu wakaguna kwa kicheko. "Sasa, wewe ulifurahi?"

"Nilifurahi."

"Ulifurahi nini? Maana mtu ambaye hajafanya kitu, akisema sijafanya kitu, hiyo si heshima. Hiyo ni taarifa. Hakuna anayempigia vigelegele. Wewe ulifurahi kwa sababu ulijua anakupa kilicho chake. Au nakosea?"

Baba yangu ni mtu wa kuitikia, na nilimwona akitafuta kitu cha kuitikia, na hakikuwepo. Alishika ukingo wa benchi.

"Mimi nilikuwa safarini," alisema hatimaye. "Nikirudi nakuta tofali zimekomaa. Zimekomaaje, sikuwahi kuuliza."

"Yupo hapo. Muulize leo."

Hakimu angeweza kumkatiza, na sijui kwa nini hakufanya hivyo. Pengine mafua. Baba alimgeukia mama, na nakumbuka ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu iletwe ile karatasi ya shekhe.

"Ulikuwa unachota wapi?"

"Kisima cha msikitini."

"Kile cha bondeni?"

"Kilikuwepo kingine?"

"Mbali kule."

"Si mbali ukizoea."

"Na mtoto ulikuwa unamwacha na nani?"

"Nimwache na nani? Mgongoni. Huyu ndiyo alikuwa na kata," akanionesha kwa kidevu. "Anamwaga nusu miguuni kwake."

Baba akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila idhini. Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, tugawane kwa korido."

"Kaka!" baba mdogo alisema kutoka nyuma.

"Nimeshasema."

Hakimu akaomba aeleze. Baba akaeleza kama anayemwelekeza abiria njia: ukiingia mlangoni, vyumba vitatu vya mkono mmoja viwe vya mama, vitatu vya mkono wa pili viwe vyake, kila mmoja na wapangaji wake, na korido, uani na choo viwe vya wote kama vilivyokuwa. Anayetaka kuuza upande wake amuulize kwanza mwenzake. Mama aliulizwa kama anakubali. Alisema anakubali. Aliulizwa anataka mkono gani.

"Wa kulia," akasema papo hapo. "Kushoto jua la alasiri linachoma kama pasi."

Baba akajipepea kwa bahasha yake ya kaki.

Madeni yalichukua muda mrefu kuliko nyumba. Mkopo wa bajaji hakimu alisema ni wa baba, kwa sababu bajaji ililala Ukonga na kula Ukonga. Baba mdogo aliinama, nikamwonea huruma. Lakini lilikuwepo deni la pili. Mvua za mwaka uliopita zilipotoboa paa, mama alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kiarabu, watu waliokuwepo Mbagala kabla yetu, akachukua mabati kwa ahadi ya mdomo. Paa ni la nyumba nzima. Hilo likagawanywa nusu kwa nusu, na wote wawili wakaamriwa kwenda kumweleza mwenye duka.

Nilikwenda nao. Mzee wa duka alikuwa amekaa nyuma ya mizani ya misumari, kanzu yake nyeupe isiyo na hata alama moja ya vumbi katikati ya vumbi lote lile. Baba akamweleza utaratibu, nusu huyu, nusu yule.

"Mbona mnanichosha?" mzee akasema. "Mie sikumkopesha mume, sikumkopesha mke. Nimelikopesha paa. Nyie gawaneni mtakavyo, asiyelipa nitakuja na ngazi."

"Utaezua upande wake?" mama akauliza.

"Nitaezua katikati, mnyeshewe wote mkumbuke mlikuwa mnapendana."

"Tulikuwa," mama akasema.

"Nilikuwepo, msinifundishe. Huyu bwana alinunua kwangu kilo moja ya misumari ya inchi nne, kila baada ya hatua tatu anasimama kuihesabu, anasema mke wangu anajenga. Alisema hivyo. Mke wangu anajenga. Nikasema huyu kichaa au?"

Baba alikuwa anatazama vitasa ukutani. Mama alikuwa anatazama barabara. Mzee akafungua daftari lake, akaandika majina mawili pale palipokuwa na moja, akatugawia pipi mbili mbili kama watoto.

Tulipotoka baba akaenda zake. Mimi na mama tulitembea taratibu kando ya barabara, tukipita kati ya mafungu ya nyanya na viatu vya mitumba. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi tangu mahakamani.

"Mama, yale maneno…"

"Yalikuwa mazuri," alinikatiza.

"Yangekupeleka Kilwa."

"Yangenipeleka." Alisimama kuchagua bamia, akazivunja ncha moja moja kuona kama ni changa, muuzaji akimlalamikia. "Ila na mimi niliyasoma. Nilijua yamekosa kitu, nikasema haya. Miaka yote nasema haya. Wewe uliandika tu kile nilichozoea kusema." Akalipia bamia. "Ukiniandikia tena, nitabishana zaidi."

Baba mdogo hakunisemesha kwa miezi kadhaa. Bajaji iliuzwa bila injini, na kilichobaki cha mkopo anakilipa baba kidogo kidogo, kwa kodi ya vyumba vyake. Wapangaji walizoea haraka. Wa kulia wakawa wanaitwa watu wa mama, wa kushoto watu wa baba, na wakigombania kufagia korido wanatajiana mwenye nyumba kama nchi mbili zenye mpaka.

Mwisho wa mwezi wa kwanza baada ya hukumu nilikuwa pale, mimi na mama tumekaa chumbani kwake mlango ukiwa wazi, tukichambua mchele. Kivuli kikasimama kibarazani. Alikuwa baba, amekuja kuonana na wapangaji wake. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti ambacho nilimwona akikivuka maisha yangu yote bila kupunguza mwendo, akakohoa.

"Hodi," akasema.

Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo. Akanitazama, kisha akautazama mchele, akatoa chuya moja, akaitupa. Hakuwa na haraka. Nilimwona akiisikiliza ile hodi mpaka mwisho wake.

"Karibu," akasema. "Kuna chai kwenye chupa. Ukimaliza vyumba vyako."

"Ahsante."

Baba akavua viatu akaingia. Alipita mlangoni kwetu bila kugeuka, akashuka na korido kuelekea uani, na nikamwona anatembea akiambaa na ukuta wa kushoto, upande wake, taratibu, kama mtu anayepita pembeni ya kitu kilichoanikwa chini, asije akakikanyaga.